Marejea yaliyokaukia shambani: kuchoma au kufukia?

Ndugu wa Masasi, umeuliza kama uchome marejea (mimea ya jamii ya kunde inayopandwa ili kuupa udongo naitrojeni, kirutubisho cha mimea) yaliyobaki shambani tangu msimu uliopita au uyafukie kabla ya kupanda mahindi mvua za Desemba zitakapoanza. Usichome, ingawa najua kiberiti ni chepesi kuliko jembe, kwa kuwa moto hupoteza naitrojeni ileile uliyoitafuta. Yalipaswa kukatwa yalipoanza kutoa maua. Sasa mashina yamekomaa, na ukiyafukia, vijidudu vinavyoyaozesha vitanyang'anyana naitrojeni na mahindi machanga, nayo yatageuka manjano. Yafyeke usawa wa ardhi, mizizi ibaki, kisha uyakatekate na kuyatandaza juu ya udongo. Machipukizi mabichi pekee ndiyo ya kufukia, wiki 2 au 3 kabla ya kupanda. Mbegu zilizopukutika zitaota pamoja na mahindi, kwa hiyo palizi ya kwanza isichelewe.