Mtoto wa miaka 5 na jina lake mbele ya wenzake

Umeuliza kama mtoto wa miaka 5 anajali kweli wenzake wanavyomwona, au anaogopa kugombezwa tu. Anajali, hata pale ambapo hakuna mkubwa wa kumgombeza. Mwaka 2012 mtafiti Jan Engelmann na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, waliwapa watoto wa umri huo nafasi ya kuchukua stika isiyo yao, wakaona kwamba watoto hao waliiba mara chache zaidi, na kusaidia zaidi, pale mtoto mwenzao alipokuwa akiwatazama kuliko walipokuwa peke yao, ilhali sokwe waliojaribiwa kwa namna inayofanana hawakubadili mwenendo wao. Ndiyo maana mimi humwita mwanangu chemba ninapotaka kumkanya, kwani nikimkemea mbele ya wachezaji wenzake huinamisha kichwa na kugoma kurudi mchezoni. Dalili huanza mapema zaidi: katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, uliotolewa mwaka 2018, watoto ambao hawajazidi miaka 2 walibonyeza rimoti ya roboti kwa uhuru zaidi mtafiti alipowapa kisogo.