Kabla ya Harvard kulikuwa na Litchfield

Unasema shule ya kwanza ya sheria Marekani ni Harvard? Hapana ndugu. Shule ya sheria ya Harvard ilianza 1817. Kule Litchfield, Connecticut, wakili Tapping Reeve alikuwa akifundisha nyumbani kwake tangu miaka ya 1770, na mwanafunzi wake wa mwanzo alikuwa shemeji yake, Aaron Burr. Wanafunzi walipoongezeka, mwaka 1784 akajenga kijumba cha chumba kimoja ubavuni mwa nyumba. Humo vijana walinakili mihadhara, kisha daftari zikajalidiwa wakaondoka nazo. Burr na John C. Calhoun, mwanafunzi mwingine wa hapo, wote wakaja kuwa makamu wa rais. Ajabu yake, Reeve alikuwa miongoni mwa mawakili wa Elizabeth Freeman, mtumwa aliyeshinda kesi ya uhuru wake 1781, ilhali Calhoun aliutetea utumwa mpaka kufa. Shule ya Litchfield ilifungwa 1833.