Tango Unaicheza kwa Haki Yako, Acha Kujikunyata

Juzi kuna msomaji kanitumia meseji: "Dada nimeanza dansi ya tango huku Ujerumani ila najiona kama nimevamia harusi ya watu, nifanyeje?" Mdogo wangu, umenigusa pabaya. Mimi nilipoanza, mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa zima eti nyie Waafrika ngoma mnazo, ila tango inataka hisia za Kizungu. Nikacheka na wenzangu, si unajua kile kicheko cha kufanya yapite, lakini mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Kwa hiyo kwanza kabisa soma historia. Tango imezaliwa mwishoni mwa karne ya 19 Buenos Aires kule Argentina na Montevideo kule Uruguay, tena uswahilini, kwenye nyumba za kupanga ambako familia nzima inalala chumba kimoja, Waitaliano na Wahispania walioshuka melini wamebanana na wajukuu wa watumwa. Na watumwa wenyewe wengi walitoka Kongo, Angola, mpaka Msumbiji hapo jirani! Mwanzoni mwa karne hiyo karibu theluthi moja ya watu wa Buenos Aires walikuwa weusi. Ngoma yao ya candombe ikachanganyikana na milonga, muziki wa hukohuko, na habanera ya Cuba, na lile bandoneon, kinanda cha kukunjua na kukunja mikononi, linalolia kama mtu kafiwa likaja kutoka hukohuko Ujerumani uliko. El Entrerriano ya 1897, ambayo inapigwa mpaka leo, katunga Rosendo Mendizábal, mpiga piano mweusi. Sasa nani kavamia harusi ya nani? Matajiri wa Buenos Aires wenyewe walikuwa wanaiona uhuni tu, mpaka Paris ilipopagawa nayo kama 1913 hivi ndo wakaikumbatia, na 2009 UNESCO ikaiandikisha urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu kwa jina la Argentina na Uruguay.

Pili tembea. Achana na kurusha miguu kama wale wa jukwaani, tango ya ukumbini ni kutembea mmekumbatiana mnazunguka kinyume cha saa, basi. Nilipofika Buenos Aires mzee mmoja alinitazama kutoka meza ya mbali akatikisa kichwa, ndo wanavyoombana kucheza pale, hakuna kuja kuvutana mkono, tukacheza tanda nzima yani nyimbo nne mfululizo, kisha akaniuliza nimejifunza wapi kutembea vile. Najisifu ndiyo, nimeisotea.

Tatu, historia, narudia, maana vijana mnapenda hatua kuliko kujua mnachokanyaga, halafu mtu akikutolea neno moja unabaki umejikunyata kwenye kona na soda yako.

Muziki anza na D'Arienzo, kiongozi wa bendi ya tango, mapigo yake yako wazi hata ukiwa mgeni, mwenzake Pugliese muache kwanza. Na viatu usinunue vya bei mbaya, peleka vyako kwa fundi abandike soli ya ngozi.