"Hupunguza uvimbe wa ubongo": sentensi hii ina kasoro gani?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu kemikali za mimea na seli za kinga za ubongo. Niliandika: "Dawa za mimea hupunguza uvimbe wa ubongo." Mhariri amelikataa neno "uvimbe". Nitumie neno gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mhariri ana haki. Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, ataelewa kuna kitu kimeota humo, na pengine akili yake itakwenda moja kwa moja kwenye saratani. Makala yako haizungumzii hilo, bali kile Waingereza wanachokiita "inflammation": jinsi kinga ya mwili inavyopambana na jeraha au maradhi. Tangu enzi za Mrumi Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, waganga wanataja dalili zake nne zinazokwenda pamoja: wekundu, joto, maumivu na kuvimba. Kuvimba ni moja tu kati ya hizo, na ndani ya ubongo hali hii inaweza kuendelea muda mrefu bila kuvimba kokote. Hata maumivu huenda yasiwepo, maana nyama ya ubongo yenyewe haina neva za kuhisi maumivu.

Andika "mchochota". Wako wanaopenda "inflamesheni", nami siwapingi, lakini mchochota ni neno letu na linatosha. Usijaribu "homa", ingawa mazoea ya lugha yanakuvuta huko: tunasema homa ya ini na homa ya uti wa mgongo kwa michochota ya viungo hivyo. Hapa hakuna homa ya kupima.

Kuhusu seli zenyewe, zilizoelezwa na Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919, "maikroglia" inafaa, mradi mara ya kwanza ueleze kuwa ni seli za kinga za ubongo. Usiandike "mchochota wa maikroglia", kana kwamba zenyewe ndizo zinazougua. Zikishtuliwa hutoa saitokini (protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo) na gesi ya oksidi ya nitriki, vitu ambavyo vikizidi hudhuru neva za jirani. Kwa hiyo sema "mchochota unaochochewa na maikroglia".

Kinachonisumbua zaidi katika sentensi yako, hata hivyo, si uvimbe. Ni "dawa" na kile kiambishi "hu-".

Neno "dawa" limeshaahidi tiba. Kurkumini ya manjano, kwesetini ya vitunguu na resveratroli ya zabibu ni kampaundi za mimea, ziite hivyo. Nayo "hu-" hutaja jambo la kawaida, lililo kweli siku zote: jua huchomoza mashariki. Ukiandika "hupunguza", msomaji mwenye mzazi aliyeanza kupoteza kumbukumbu atasoma hakikisho. Majaribio mengi ya aina hii hufanywa hivi: maikroglia huoteshwa kwenye sahani ya maabara, hushtuliwa kwa sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria, kisha hupewa kampaundi na saitokini zikapimwa. Mtu anayekula manjano yuko mbali na sahani hiyo. Kurkumini hufyonzwa kidogo sana tumboni, na baada ya hapo bado inakabili kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo.

Tumia "-li-", utaje na mahali: "Katika majaribio ya maabara, baadhi ya kampaundi za mimea zilipunguza mchochota unaochochewa na seli za kinga za ubongo." Ni ndefu, najua, na mhariri wa vichwa vya habari ataitazama kwa jicho baya. Mkubalie afupishe popote, ila asiguse "zilipunguza" wala "maabara".

Kama jaribio lilifanywa kwa panya, taja panya. Kama ni kwa watu, taja watu. Ile "hu-" iwekee yale ambayo hayana ubishi tena, kwa mfano: maikroglia humeza mabaki ya seli zilizokufa.