Koleo la plastiki linakatika shingoni: usiongeze unene

Ndugu yangu wa Tudor, Mombasa, umeuliza mbona koleo lako la kipande kimoja, lisilo na bawaba wala skrubu, hukatika shingoni kila likishika kikombe, na kama uongeze unene. Usiongeze! Ubapa, yaani ile shingo nyembamba inayopinda, ukilazimishwa kupinda umbali uleule, ukiwa mnene ndivyo mkazo (nguvu inayoivuta plastiki kwa ndani) unavyozidi. Punguza unene nusu: mkazo hushuka nusu, ugumu wa kupinda hushuka mara 8. Urefu unasaidia zaidi, maana ukiwa maradufu mkazo hubaki robo.

Hiyo programu ya topolojia, inayokokotoa yenyewe wapi pawe na plastiki na wapi pawe wazi, nayo usiiamini sana. Imekuchorea viungo vilivyogusana ukingoni tu kwa sababu hesabu inapenda bawaba, hata ya uongo. Weka kichujio, yaani kanuni ya kuzuia sehemu nyembamba mno, kinachofunika elementi kadhaa (vile vijipande ambavyo programu hugawa umbo), kisha ukomo wa mkazo. Na kwa kuwa umbo ni la 3D, jaribu pia mzigo wa pembeni. Ubapa unaopinda vizuri huku waweza kujisokota kule. Anza na gridi yenye elementi chache. Ile ya 100 kwa 100 kwa 100 ni elementi milioni 1, na laptopu yako italia. Umbo na mzigo vikilingana juu na chini, na pia kushoto na kulia, kokotoa robo tu.

Ukilichapa koleo kwa printa ya 3D, laza ubapa ili matabaka yafuate urefu wake. Plastiki ya PLA hukatika upesi, nailoni huvumilia, ila hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani waijua. Ikaushe kwanza, kisha ihifadhi ndani ya debe lililofungwa.