Nyumba ya magogo: acheni nafasi juu ya mlango

Jirani aliposikia tunajenga nyumba ya magogo alicheka, akauliza ng'ombe wanahamia lini. Sikumlaumu. Huku Mafinga miti imetuzunguka, msitu wa Sao Hill uko hapo hapo, lakini kila mtu anachoma tofali. Mti ni wa kenchi, nguzo za umeme na kuni, basi.

Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na shemeji yangu, ambaye angalau aliwahi kushika patasi. Chumba kimoja cha wageni, mita 4 kwa 5. Nilidhani likizo ya Juni itatosha. Tulipiga bati la mwisho Novemba, mawingu yameshajaa.

Mti kwanza. Chukueni paina, achaneni na mlingoti (mkaratusi). Mlingoti umenyooka na unavutia macho, ila ukikauka unapasuka nchani na kujipinda, na ukuta uliojipinda hauna dawa. Tulinunua magogo 60 shambani kwa mtu, unene wa sentimeta 20 hivi. Hata mti ukiwa wa shamba binafsi, hakikisheni kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) cha kusafirisha mazao ya misitu kimo garini kabla lori halijang'oa nanga.

Kumenya magome ni kazi ya watoto. Gogo lililokatwa wiki hiyo hiyo linamenyeka gome kama ndizi. Likikaa mwezi gome linang'ang'ania, na mbao chini yake inaanza kuota madoa ya bluu. Tulitumia sepetu zilizonolewa. Binti yangu wa miaka 11 alimshinda mjomba wake, na habari hiyo tunaisikia mpaka leo.

Msingi tuliuinua nusu mita kwa mawe, kwa sababu ya mchwa na ya maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini.

Kupandisha magogo ndiko nilikokuwa nakuogopa. Gogo bichi la mita 5 linazidi kilo 100, si la kubeba begani. Egemezeni nguzo mbili ukutani, fungeni kamba mbili juu ya ukuta, zipitisheni chini ya gogo na kuzirudisha juu, kisha vuteni mkiwa upande wa ndani. Gogo linajiviringisha kupanda, na mkononi mnahisi kama nusu ya uzito wake. Mtu asisimame chini yake. Mwanangu alipita hapo mara moja kufuata mpira, nikapiga kelele mpaka mtaa wa pili wakasikia.

Kwenye kona, kateni pengo la nusu mwezi upande wa chini wa gogo la juu, likae kama tandiko mgongoni mwa punda. Mkikata upande wa juu mmetengeneza bakuli la maji.

Sasa kosa langu. Fremu ya mlango niliibana mpaka ikagusa gogo la juu yake, pima maji ikasema safi, nikajisifu. Agosti iliyofuata mlango ukagoma kufunguka, na juu yake mwanga ukaanza kupenya katikati ya magogo. Mbao inaponyauka, unene ndio unaopungua. Urefu haupungui kitu cha kuonekana. Kwa hiyo ukuta wa magogo yaliyolala unashuka, wakati miimo ya fremu iliyosimama imebaki vilevile. Ukuta mzima ulikuwa umening'inia kwenye fremu yangu!

Ilibidi tukate sentimeta 8 za gogo juu ya fremu, tujaze sponji ya godoro kuukuu, kisha tufunike kwa ubao uliopigiliwa kwenye gogo peke yake ili ushuke nalo. Ninyi acheni nafasi hiyo tangu mwanzo: kwa paina bichi na mlango wa mita 2, sentimeta 10. Madirishani vilevile, kwa kadiri ya urefu wake.

Kwenye fremu nimechora mstari wa penseli pale ubao ulipoishia siku ile. Jumapili nilipima: umeshuka sentimeta moja na nusu, na mlango unafunguka kwa kidole.