Barua kwa mwanangu: kaa na picha moja

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unauliza kama uache kazi kwanza ndipo ufunge safari ya Paris, Amsterdam, Madrid na Florence, au uende kwa likizo tu, uzunguke hayo makumbusho, halafu uamue ukisharudi. Unasema mkono umekauka, hujachora kitu cha maana tangu wakupandishe cheo, na unatumaini miji hiyo itakurudishia hamu yako.

Nitakujibu. Ila kwanza hii orodha yako ya makumbusho imenikosesha usingizi. Paris peke yake umeijaza kuanzia asubuhi mpaka jioni, Louvre umeipa saa tatu, kisha unakimbilia treni! Msimamo wangu unaujua, ulikuwa ukinimalizia sentensi hata kabla hujaanza shule: mji mmoja, jumba moja, picha moja. Cheka tu.

Nilipopelekwa London kwa yale mafunzo ya kazini, tulipewa alasiri moja ya kupumzika. Wenzangu walitawanyika mjini, mimi nikaingia National Gallery, jumba la picha pale Trafalgar Square. Usidhani nilikuwa na kiu ya sanaa. Mvua ilikuwa inanyesha, na kuingia mle ni bure. Nilipita vyumba kadhaa kwa mwendo wa mtu anayetafuta choo, mpaka nikafika kwenye picha ya mfanyabiashara Arnolfini na mkewe, iliyochorwa na Jan van Eyck. Ndiyo ile ya kadi iliyokaa juu ya redio yetu miaka yote, kwa hiyo sina haja ya kukueleza yule bwana mwenye kofia kubwa na yule bibi mwenye gauni la kijani. Lakini kadi inakudanganya. Haikuonyeshi kilichopo, bali ulichokwisha kukijua.

Yenyewe ni ndogo, sentimita 82 kwa 60, rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni. Nilikuwa naipita. Mlinzi wa chumba kile, mzee mmoja mpole, akanigusa bega na kuniambia nisogee nitazame kioo. Nikasogea. Nyuma ya wale wawili, ukutani, kuna kioo cha duara kisichozidi kiganja. Ndani yake unawaona mume na mke kwa mgongo, unaliona dirisha, na mlangoni wamesimama watu wengine wawili. Watu hao hawamo chumbani. Wamesimama pale pale uliposimama wewe mtazamaji. Juu ya kioo mchoraji ameandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Na fremu ya kioo ina viduara kumi, kila kimoja na tukio la mateso ya Kristo, vidogo kiasi kwamba ilinibidi nizuie pumzi ili nivione. Mchana kweupe, mshumaa mmoja tu unawaka kwenye taa ya dari. Machungwa yako dirishani. Yule mzee alipoona nimenasa, akaondoka zake bila neno, akaniacha.

Nilikaa pale mpaka wakatangaza kufunga. Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilihisi kama mtu aliyekaribishwa ndani ya nyumba ambayo siku zote alipita nje yake tu.

Usiku, mezani, kila mmoja akaanza kusimulia alichokiona. Huyu minara, yule madaraja, mwingine alihesabu mitaa. Zamu yangu ilipofika nikasema nimeona kioo. Basi yule bwana, sitamtaja, nawe unamjua, akasema kwa sauti ya kusikika meza zote: "Mwenzetu kapanda ndege mpaka London kuja kujitazama kwenye kioo." Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Tangu siku hiyo nikawa Bwana Kioo. Nilistaafu nikiitwa Bwana Kioo, na hata kwenye hafla ya kuniaga, wewe ulikuwepo, aliyeshika kipaza sauti alianza na hilo. Mkadhani natabasamu.

Jibu la kumpa yule bwana nilikuja kulipata baadaye sana, meza ikiwa imeshaondolewa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, picha za jumba lile lile zilihamishwa ili mabomu yasizifikie, zikafichwa ndani ya machimbo ya mawe huko Manod, Wales. Kuta zikabaki tupu. Mwaka 1942 ikachapishwa barua gazetini kuomba watu waruhusiwe kuona angalau kidogo, na jumba likakubali kuleta picha moja kila mwezi. Moja! Ya kwanza ilikuwa ya Titian, ile ya Kristo na Maria Magdalena bustanini. Na watu walikuja, katikati ya vita, wakasimama mbele ya picha moja. Laiti ningelijua hilo usiku ule.

Mama yako hakubaliani nami, na hajawahi kukubali. Husema watu wale wa London walikuwa wamekwisha kuziona nyingine zote kabla ya vita, ndiyo maana moja iliwatosha. Asiyewahi kuona nyingi atajuaje ipi ni yake? Na husema mimi nilikuwa na alasiri moja tu, nikaugeuza uhaba wangu kuwa falsafa, kisha nikawalea nayo. Hoja hiyo nimeshindwa kuijibu mpaka leo. Pengine ningekuwa na wiki nzima ningekimbia kama wewe. Pengine. Lakini wenzangu wale nao walikuwa na alasiri ile ile, na waulize leo waliona nini.

Turudi kwako. Ukifika Louvre utawakuta watu wamejazana mbele ya Mona Lisa, simu juu. Picha ina sentimita 77 kwa 53, nayo iko nyuma ya kioo cha kuilinda. Ukuta wa mkabala una Harusi ya Kana ya Veronese, karibu mita saba kwenda juu na kumi kwenda pembeni, na umati wote umeipa mgongo. Mwaka 1911 Mona Lisa ilipoibwa, watu walipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu. Mimi siwacheki. Angalau ukuta mtupu waliutazama kweli.

Mahali ninapotaka usimame ni Madrid, kwenye jumba la makumbusho la Prado, mbele ya Las Meninas ya Velázquez, picha ya binti mfalme na wahudumu wake, ya mwaka 1656. Huko nako kuna kioo, nyuma kabisa, na ndani yake mfalme na malkia, ambao nao ni kama wamesimama ulipo wewe. Na usidhani ni sadfa tupu: wakati ule picha ya Van Eyck ilikuwa mali ya wafalme wa Hispania, na Velázquez alikuwa mchoraji wa jumba lao. Kwa hiyo kioo changu na hicho utakachokiona inawezekana kabisa ni ndugu. Hiyo ndiyo faida ya kuijua picha moja vizuri, inakupeleka kwenye nyingine bila orodha.

Lakini kioo chake uking'amue baadaye. Wewe ni mchoraji, anza na gauni la yule binti mfalme. Picha ina zaidi ya mita tatu kwenda juu. Simama karibu kadiri watakavyokuruhusu na utaona fujo: mikwaruzo ya rangi ya fedha, madoa ya waridi, brashi iliyopita haraka na haikurudi. Hakuna kitambaa hapo. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka hariri ijitokeze, halafu sogea tena uone inapopotelea. Fanya hivyo hata walinzi wakikuchoka. Unaniambia mkono umekauka. Tazama mkono wa mtu ambaye hakuhangaika kumalizia kila uzi.

Picasso aliiona picha hiyo akiwa kijana. Mwaka 1957, akiwa ameshapita miaka 75, alijifungia nyumbani kwake Ufaransa akaishughulikia kuanzia Agosti mpaka Desemba, kazi 58 kwa jumla, nyingi zikiwa ni hiyo hiyo picha ya Velázquez akiivunja na kuijenga upya. Ziko Barcelona, kwenye makumbusho yenye jina lake. Mama yako atasema Picasso aliona picha elfu nyingine katikati. Najua. Tayari ameshasema.

Unataka kujua kama safari hizi zinambadilisha mtu. Mimi nilirudi yule yule, na madeni yale yale na mkubwa wa kazi yule yule. Ila tangu hapo nikionyeshwa picha ya harusi, ya mtu yeyote, swali langu la kwanza ni nani aliyeipiga na alisimama wapi. Kaka yako anaona ni uzee. Huenda. Ulianza kabla ya mvi, lakini huenda.

Sasa hiyo kazi. Jibu ninalo. Nimeliandika hapa, nikalifuta, nikaliandika tena upande wa pili wa karatasi, na karatasi hiyo mama yako ameichukua. Anasema ulipoamua kusomea ulichosomea nilisema sana, safari hii ninyamaze. Basi nanyamaza. Nitasema tu kwamba mtu aliyechoka hufunga hesabu haraka, na kwamba cheo chako hakitakimbia ndani ya likizo moja, na... unaona? Nimeshaanza. Amua mwenyewe. Sitakuuliza, ingawa nitakuwa nasubiri uniambie.

Mengine ni ya kawaida. Louvre hufungwa Jumanne, na wewe umeipanga Jumanne. Prado hufungua bure saa mbili za mwisho kabla ya kufunga, lakini foleni huanza mapema. Beba daftari dogo na penseli, si kalamu ya wino, maana walinzi wengi hawaitaki wino karibu na picha.

Mama yako amesoma mpaka hapa na anataka niongeze kwamba Florence usiikate hata kama baba yako atakulilia. Nimeongeza.

Wako,
Baba